Chakula Baada ya Upasuaji wa Utumbo: Mwongozo kwa Mgonjwa na Jamaa Zake

Kijarida hiki kimekusudiwa mtu aliyeondolewa sehemu ya utumbo na sasa amerejea nyumbani, pamoja na wale wanaompikia. Yaliyomo ni maelezo ya jumla. Iwapo daktari wa upasuaji, muuguzi au mtaalamu wa lishe wa hospitali amekupa maelekezo tofauti, yafuate hayo, kwani wao ndio wanaojua ni sehemu gani iliyokatwa na jinsi ilivyounganishwa.

Kwa nini chakula kibadilike?

Utumbo mwembamba ndio unaofyonza sehemu kubwa ya lishe iliyomo katika chakula. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi, na hivyo kukifanya kinyesi kiwe kigumu. Baada ya upasuaji, mahali palipounganishwa huvimba, njia huwa nyembamba kwa muda, na misuli ya utumbo huchelewa kurudia mwendo wake. Vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi havisagiki kikamilifu tumboni. Huweza kukwama, au kuleta gesi na maumivu. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hushauriwa kupunguza nyuzinyuzi kwa muda wa wiki 4 hadi 6.

Wakati huohuo mwili unahitaji protini na nguvu zaidi ya kawaida ili jeraha lifunge. Kwa hiyo makusudi si kula kidogo kwa siku nzima, bali kula vyakula laini vyenye lishe, kidogo kidogo, mara nyingi.

Namna ya kula

Badala ya milo mitatu mikubwa, kula milo midogo 5 au 6. Keti wima, tafuna sana, wala usiharakishe. Ukihisi tumbo limejaa, simama hapo. Utakula tena baada ya saa mbili au tatu. Hamu ya kula huweza kupotea kwa siku nyingi, na jambo hili si la ajabu. Jamaa wasiijaze sahani ya mgonjwa wala kumlazimisha kuimaliza. Sahani kubwa humkinaisha kabla hajaanza. Kibakuli kidogo humvutia.

Vyakula vinavyofaa katika wiki za mwanzo

• Wali mweupe uliopikwa ukalainika, uji laini wa mchele, ugali wa sembe, mkate mweupe, tambi, na viazi vilivyomenywa na kupondwa.
• Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba, kuku bila ngozi, nyama iliyopikwa hadi ikawa laini, na mayai yaliyoiva vizuri.
• Maziwa na mtindi, iwapo havikuletei gesi wala kuharisha.
• Ndizi mbivu, papai bivu, na karoti au boga lililomenywa na kupikwa likalainika.
• Supu ya kuku, au mtori wa ndizi na nyama uliopondwa vizuri.

Vyakula vya kuacha kwa muda

• Ugali wa dona, mkate wa ngano isiyokobolewa na wali wa mchele wa kahawia.
• Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu.
• Kisamvu, mchicha, kabichi na mboga mbichi.
• Mahindi ya kuchoma, bisi, njugu, korosho, uyoga, na matunda makavu kama tende na zabibu.
• Pilipili, achari, na vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi, kama sambusa.

Kuhusu nazi, ni vyema kutofautisha. Machicha ya nazi na nazi iliyokunwa vina nyuzinyuzi nyingi, na huweza kuziba utumbo. Tui lililochujwa halina nyuzinyuzi nyingi, ila lina mafuta. Anza na tui jepesi, kidogo, uone tumbo linalipokeaje.

Vinywaji

Wagonjwa wengi huhitaji bilauri 6 hadi 8 za vinywaji kwa siku. Chai nyepesi na maziwa ni miongoni mwao. Soda zenye gesi hujaza tumbo upepo, na chai nzito au kahawa nyingi huweza kuongeza kuharisha.

Ikiwa una stoma

Mwenye kolostomi, yaani stoma iliyotolewa katika utumbo mpana, kwa kawaida hurudia chakula chake cha zamani polepole. Mwenye ileostomi, iliyotolewa katika utumbo mwembamba, anahitaji tahadhari zaidi: kinyesi chake hakipiti katika utumbo mpana, hivyo maji na chumvi nyingi hutoka mwilini. Dalili za upungufu ni kiu kali, mkojo mchache wenye rangi nzito, kizunguzungu na kukakamaa misuli. Mfuko ukijaa majimaji kupita kiasi, usishindane na kiu kwa kunywa maji matupu kwa wingi, kwani huweza kuzidisha upotevu wa chumvi. Mpigie muuguzi wa stoma siku hiyohiyo. Atakueleza kinywaji maalumu chenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi.

Dawa za nyumbani na kisukari

Usitumie sanamaki wala dawa nyingine ya kuendesha tumbo, hata ikiwa choo kimechelewa, pasipo ruhusa ya daktari. Mwambie mfamasia kila mitishamba unayotumia. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake mapema, kwani uji, wali na mkate mweupe hupandisha sukari, na kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa.

Mwezi wa Ramadhani

Sheria ya Kiislamu imemruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Na asiyetarajiwa kupona ana njia ya fidia. Kufunga wakati jeraha halijapona, au ukiwa na ileostomi, huweza kuukausha mwili na kudhuru figo. Muulize daktari kuhusu hali yako kabla ya mwezi kuandama, kisha mweleze shekhe unayemwamini jawabu ulilopewa. Kuilinda afya si kuidharau ibada.

Tafuta msaada bila kukawia

Pigia hospitali iliyokufanyia upasuaji, au namba 111, ukiwa na homa, jeraha linalotoa usaha, au kuharisha kusikokoma. Piga 999 au nenda idara ya dharura ukiwa na maumivu makali ya tumbo yanayozidi, tumbo lililovimba pamoja na kutapika, au ikiwa hupati choo wala upepo. Mwenye ileostomi ambaye stoma yake imeacha kutoa chochote kwa saa kadhaa, huku tumbo likisokota, asisubiri asubuhi. Ikiwa Kiingereza ni kizito kwako, omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo hulipii, na mtoto wako hapaswi kubebeshwa kazi hiyo.

Kurudia chakula cha kawaida

Baada ya muda uliopangiwa, rudisha chakula kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, na ungoje siku mbili au tatu kabla ya kuongeza kingine. Andika ulichokula na kilichofuata. Chakula kilichokusumbua leo kijaribu tena baada ya wiki chache, kwani utumbo huendelea kupona. Ukiona uzito unapungua bila ya kukusudia, omba kuonana na mtaalamu wa lishe.