Shimo la Changarawe

Barabara ya lami, kama ile ya Songea hadi Makambako, imelazwa juu ya mawe na changarawe. Changarawe hiyo huchimbwa ardhini. Je, umewahi kuona shimo lililoachwa wazi baada ya barabara kukamilika? Mvua za Songea huanza Novemba au Desemba na huendelea hadi Aprili. Wakati huo shimo hujaa maji, mbu hutaga mayai humo, na mtoto anayekwenda kuogelea aweza kuzama, kwa maana kingo zake ni wima na hazina pa kushika.

Maji ya shimoni hayatoki mawinguni tu. Fanya jaribio hili. Tia mchanga ndani ya beseni, kisha mimina maji polepole ukingoni mpaka mchanga wa chini ulowe vizuri. Chimba shimo katikati kwa kijiko. Maji yakitokea, yachote kwa kifuniko cha chupa. Yatarudi! Sasa chimba shimo jingine dogo, lenye kina zaidi, kando ya lile la kwanza. Chota maji katika hilo la pili tu. Chunguza kinachotokea katika shimo la kwanza.

Wachimbaji hufanya vivyo hivyo. Huchimba kisima mahali palipo chini kuliko pote, nayo pampu huvuta maji kutoka humo. Maji hayo yana tope. Yakimwagwa moja kwa moja kijitoni, tope husafiri mbali. Kumbuka kwamba Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ukaishia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji huachwa kwanza bwawani mpaka tope litue.

Lakini kazi kubwa hutangulia hayo yote. Kabla ya kuchimba changarawe, udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, huondolewa na kurundikwa peke yake. Usichanganywe na mawe! Uchimbaji ukiisha, kingo hulainishwa ziwe mteremko, udongo ule hurudishwa juu, na miti hupandwa.

Udongo huo ukikosekana, kazi huwa ngumu mno. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe, kikaacha mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kuotesha miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostawi ni tatu tu, mojawapo mvinje. Majani ya mivinje yalidondoka, lakini hayakuoza upesi. Ndipo walipoletwa majongoo. Wadudu hao waliyala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Leo pale pana msitu.

Chimba kidogo kando ya shamba la shule ukapime kwa rula: udongo mweusi una unene wa sentimeta ngapi?