KANUNI ZA KANDANDA: WEWE UNACHEZA TOLEO LIPI?

Katika ukurasa huu nataka tujifunze jambo ambalo limewakosanisha wengi wetu bure uwanjani. Kanuni za mchezo zina tarehe. Kama vile kamusi inavyotoka toleo la kwanza, la pili na la tatu, ndivyo na kitabu cha kanuni za kandanda. Watu wawili wanaweza kubishana hadi jua litue, kumbe kila mmoja anasema kweli, ila kwa toleo lake.

Kwanza tujue ni nani anayebadilisha. Kuna bodi ya kimataifa iitwayo IFAB, iliyoundwa mwaka wa 1886. FIFA ilijiunga nayo mwaka wa 1913. Kura ni nane: England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana moja moja, na FIFA ina nne. Ili kanuni ibadilike, ni lazima zipatikane kura sita. Bodi hukutana kila mwaka, na siku hizi mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kanuni zenyewe ni 17.

Sasa, mbona wasiziache kama zilivyo? Jibu ni kwamba wachezaji ni wajanja. Kila kanuni ikiandikwa, kuna mtu atakayetafuta mlango wa nyuma. Tuchukue kuotea. Neno hili lenyewe ni tamu: kuotea ni kuvizia, kama mwindaji anavyomvizia mnyama. Hapo zamani, mshambulizi aliyetangulia mpira alihesabiwa kuwa ameotea ikiwa wapinzani waliobaki kati yake na mstari wa goli hawakufika watatu. Mabeki wakagundua kwamba beki mmoja akisonga mbele kidogo tu, mshambulizi amenaswa. Bill McCracken wa Newcastle United alisifika sana kwa mtego huo. Mwaka wa 1925 bodi ikapunguza watatu wakawa wawili. Matokeo yake? Katika daraja la kwanza la ligi ya England, magoli yalipanda kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Neno moja limebadilishwa, na magoli zaidi ya 500 yameongezeka!

Mfano wa pili uko karibu na sisi Waafrika. Katika Kombe la Dunia la 1990 kule Italia, Misri na Ireland walitoka sare bila goli. Siku hizo beki aliweza kumrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka, akautupa, akarudishiwa tena. Saa inakwenda, mashabiki wanapiga miayo. Mwaka wa 1992 mlango huo ukafungwa: kipa haruhusiwi kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mwenzake kwa mguu. Makipa wakalazimika kujifunza kucheza kwa miguu kama watu wengine.

Lakini kanuni mpya haifiki kila mahali siku moja, na hapo ndipo penye shida. Nilishuhudia mechi moja ya shule hapa kwetu kaskazini mwa Turkana. Kipa wa wapinzani alipiga golikiki fupi kwa beki wake, ndani ya eneo la hatari. Mshambulizi wetu alikuwa nje ya eneo. Mpira ulipopigwa, akachomoka mbio, akampokonya beki, akafunga. Sisi tukarukaruka. Wee! Refa akapuliza kipenga: eti mpira haukutoka nje ya eneo la hatari, upigwe upya. Mechi ikaisha bila bila, tukatolewa kwa penalti. Mashabiki waliingia uwanjani, na ilibidi walimu wamzingire refa ili aondoke salama. Wengine walisema amekula mlungula. La hasha. Refa yule alifuata kanuni aliyosomea, na kanuni hiyo ilikuwa sahihi hadi mwaka wa 2019. Tangu hapo golikiki iko mchezoni mara tu mpira unapopigwa na kuonekana umesogea. Goli letu lilikuwa halali. Mtu nusura apigwe mawe kwa sababu ya kitabu kilichopitwa na wakati.

Jambo hili si la kandanda peke yake. Huko Marekani kuna mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka wa 1974. Wachezaji hujifanya wahusika wa ngano, kama vile mashujaa na wachawi, na dadu ndizo huamua kama pigo limempata adui. Katika vitabu vya zamani, namba ya kinga ya mhusika ikiwa ndogo ndiyo bora. Toleo la tatu la mwaka wa 2000 likageuza: namba ikiwa kubwa ndiyo bora. Basi waketishe meza moja mtu wa toleo la 1989 na mtu wa toleo la 2000, useme, "Shujaa huyu ana kinga ya 2." Wa kwanza atatetemeka, wa pili atacheka! Ndiyo sababu wao huulizana kabla ya kuanza: leo tunacheza toleo lipi?

Wazee wetu pia wana njia yao. Mchezo wa mashimo na vijiwe wanaocheza chini ya mti hauna kitabu, kwa hiyo mgeni huuliza kwanza, "Hapa mnachezaje?" Kuuliza si ujinga.

Wala tusidhani kwamba kila toleo jipya ni la kutuonea. Kwa mfano, kanuni za sasa zinaruhusu mashindano kuweka mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na ya kupoza mwili kati ya sekunde 90 na dakika tatu. Kwa jua letu la saa nane hapa Lowarengak, mchezaji asiyejua haki hiyo ataumia bure. Hata wavu golini si lazima.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya mechi, manahodha wawili na refa wakae dakika tano, wakubaliane wanatumia kanuni za mwaka gani na mashindano yameongeza masharti gani. Dakika hizo tano ni rahisi kuliko kumsindikiza refa.

Zoezi. Jaribu kabla ya kutazama majibu.

1. Kipa ameushika mpira kwa sekunde 12. Adhabu ni nini?
2. Mshambulizi amelingana sawasawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Je, ameotea?

Majibu. (1) Tangu Julai 2025, akizidisha sekunde nane ni kona. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa sekunde sita, na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. (2) Hajaotea, tangu mwaka wa 1990. Kabla ya hapo, ameotea.

Umeona? Kila swali lina majibu mawili, na mwaka ndio unaoamua.