Saratani ya Korodani Ikishapona, Karatasi za Tiba Zisitupwe

Mwaka 1974, Dkt. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alimtundikia dripu ya sisiplatini, dawa yenye madini ya platinamu, kijana ambaye saratani ya korodani ilikuwa imeshamtambaa mwilini. Alimpa na dawa nyingine mbili. Kijana akapona, akaishi miaka mingine zaidi ya 40. Leo zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa saratani hii hupona.

Wengi huugua wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 40, hivyo wakipona bado wana safari ndefu. Katika safari hiyo wachache hupata saratani ya pili: si ile ya kwanza iliyorudi, bali nyingine kabisa. Dawa inayovuruga vinasaba vya seli za saratani hujeruhi na baadhi ya seli nzima, na madhara huweza kujificha miaka mingi. Platinamu imekutwa katika damu ya watu waliomaliza dripu karibu miaka 20 nyuma.

Mwaka 2005, mtafiti Lois Travis na wenzake walichapisha taarifa za wanaume zaidi ya 40,000 wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa waliopitisha miaka 10 tangu waugue, waliotibiwa kwa dawa pekee walikuwa na hatari ya saratani nyingine ya uvimbe (si ya damu) takriban mara 1.8 ya watu wengine. Waliopata dawa na mionzi, mara 2.9. Kwa wanaume hao kwa jumla, hatari ilidumu miaka 35 au zaidi.

Mgonjwa asikatae dripu kwa hofu hii. Saratani iliyosambaa isipotibiwa huua mapema.

Saratani ya damu, inayohusishwa na etoposaidi, dawa nyingine ya kutibu saratani ya korodani, ni nadra na kwa kawaida hujitokeza miaka michache ya mwanzo. Fizi zinazovuja damu, mwili kuvilia bila kugongwa, homa zisizokoma: hizo si za kumeza panadoli na kusubiri.

Saratani za kibofu, figo au utumbo huchelewa, wakati kliniki imeshasahaulika. Baba wa miaka 50 akikojoa damu, mhudumu atafikiria kichocho kwanza, na ni haki yake. Lakini akionyeshwa karatasi yenye majina ya dawa, idadi ya mizunguko, mwaka, na sehemu iliyopigwa mionzi, ataagiza vipimo zaidi. Mke au mtoto mkubwa aipige picha na kuitunza kwenye simu. Na kama baba bado anavuta sigara, aombe msaada wa kuacha sasa: moshi huo huongeza hatari ya saratani ya mapafu na kibofu juu ya ile iliyoachwa na tiba.