Keki ya kiazi kikuu: nilivyouza picha, nikarudisha hela

Wiki hii wengi mmeniuliza inboksi kuhusu ile keki ya zambarau niliyoweka stetasi: inaokwaje na naiuza bei gani. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Ila lazima nianze na aibu yangu, maana bila hiyo utachukua vipimo tu na utaumia pale pale nilipoumia mimi.

Mwaka jana niliona picha za keki ya Wafilipino, zambarau imekolea mpaka inang'aa. Nikaihifadhi picha moja, nikaiweka stetasi, nikaandika "Keki mpya Mtwara, oda zimefunguliwa". Haikupita saa moja meseji zikaanza kuingia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ile keki nimeioka mimi. Dada mmoja wa Shangani akataka ya bethdei ya mtoto wake, Jumamosi. Tukakubaliana 30,000, akatuma kianzio 15,000 hapo hapo. Na mimi keki ya aina hiyo sikuwa nimewahi kuoka hata moja. Nilijiambia keki ni keki.

Ijumaa usiku nikaoka. Ikatoka kijani. Yaani si kijani ya kupendeza, ni ile kijani ya mkate uliosahaulika kabatini. Alfajiri nikarudia. Ya pili ikatoka rangi ya majivu, halafu nilipoitoa kwenye chombo ikiwa ya moto ikakaa chini kama chapati. Saa nne asubuhi ikabidi nipige simu. Yule dada hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema, "Mdogo wangu, ungeniambia juzi ningetafuta kwingine. Wageni wanakuja saa kumi." Nikamrudishia 15,000 yake na ya kutolea juu. Sijawahi kupata tena oda kutoka kwake.

Sasa tuone nini kilitokea, kwa sababu haikuwa bahati mbaya.

Kwanza kiazi chenyewe. Wafilipino wanakiita ube, lakini kwa jina la kitaalamu ni Dioscorea alata, na hicho ni kiazi kikuu, hiki hiki cha kwetu. Kuna aina nyeupe ndani, kuna yenye michirizi ya zambarau, na kuna ya zambarau tupu. Sokoni utakutana zaidi na cheupe. Kwa nje huwezi kujua, kwa hiyo mimi namuomba muuzaji akate ncha kidogo nione ndani kabla sijalipa. Mama mmoja anayeleta mzigo kutoka upande wa Kitaya, bonde la Ruvuma, ameshanizoea. Akipata cha zambarau ananipigia. Na kumbuka kiazi kikuu kina msimu wake, kinachimbwa mvua zikishakatika na majani yakanyauka. Ukichukua oda mwezi wa pili bila kuwa na kiazi ndani, unacheza kamari na hela ya mtu.

Pili, rangi. Hapa ndipo nilipochomekewa. Zambarau ya kiazi kikuu inabadilika kulingana na unachoichanganyia. Ikikutana na ndimu inaelekea wekundu wa waridi. Ikikutana na magadi soda inaenda bluu, mwisho kijani. Usiku ule beking pauda ilikuwa imeniishia, nikaweka magadi soda. Kijani ikaja. Mara ya pili niliazima beking pauda kwa jirani lakini sikuweka ndimu, na ute wa yai nao una asili ya magadi kidogo, ndiyo maana ikawa jivu. Kama huamini, ponda kiazi kidogo, gawa kwenye visosi viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine nyunyizia magadi soda. Piga video. Mimi video hiyo ya sekunde ishirini imeniletea maswali mengi kuliko picha yoyote ya keki.

Na jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia: zile keki zinazong'aa kwenye picha, nyingi zimewekwa rangi ya chakula au ladha ya chupa ambayo ndani yake ina rangi. Kiazi peke yake kinatoa zambarau ya upole, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Ni nzuri, lakini si ile ya picha. Ukitaka kuweka rangi ya chakula weka, si kosa, ila mwambie mteja.

Haya, tuingie jikoni. Keki hii inaitwa shifoni. Si kitambaa, ni jina la keki nyepesi sana inayotumia mafuta ya maji badala ya siagi. Aliyeibuni alikuwa muuza bima wa Los Angeles, Marekani, anaitwa Harry Baker, mwaka 1927. Akawa anaoka na kuuza, na siri ya mafuta akaificha miaka 20 mpaka alipoiuza kwa kampuni ya General Mills mwaka 1947. Mtu wa kujifundisha mwenyewe kama sisi. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani mafuta ni msaada mkubwa, maana hata ikikaa kwenye friji haigandi kama keki ya siagi, na haihitaji krimu ya juu ambayo ikipigwa na joto la Mtwara inateremka kabla bodaboda haijafika Mikindani.

Vipimo vyangu kwa chombo cha sentimita 20 hadi 22: mayai 6, unga wa ngano gramu 120, sukari gramu 130, mafuta ya kupikia mililita 60, tui zito mililita 80, kiazi kilichopondwa gramu 120, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko, na ndimu vijiko viwili vya chai. Mayai ya kienyeji ni madogo, weka 7 au 8. Nunua mizani ndogo ya jikoni tafadhali. Kikombe cha kwangu na kikombe cha kwako si sawa, na shifoni haisamehe.

Kiazi kipike kwa mvuke, usikichemshe ndani ya maji, utaona maji yanageuka zambarau na rangi yako inamwagwa nayo. Wakati wa kumenya kibichi utomvu wake unawasha, paka mikono mafuta kwanza. Kikiiva ponda kingali cha moto, kipitishe kwenye chujio mpaka kiwe laini kabisa. Vidonge vidonge ndani ya keki vinazama chini.

Tenganisha viini na ute. Kwenye viini weka gramu 50 za sukari, mafuta, tui, kiazi na kijiko kimoja cha ndimu, koroga. Chekechea humo unga, beking pauda na chumvi. Koroga mpaka unga usionekane, ishia hapo.

Ute ndiyo keki yenyewe, kwa hiyo hapa tulia. Bakuli liwe kavu na lisiwe na hata chembe ya mafuta. Mabakuli ya plastiki yanashika mafuta hata ukiosha, tumia la kioo au la bati. Tone la kiini likiingia kwenye ute, anza upya, hicho kiini kakaangie mtoto. Piga mpaka povu lije, weka kijiko cha pili cha ndimu, halafu sukari gramu 80 iliyobaki, kidogo kidogo kwa mara tatu. Endelea mpaka ukiinua mchapo ncha inasimama na inainama kidogo tu juu. Ukigeuza bakuli halidondoki. Ukizidisha ukaona linakuwa na mabonge kama pamba, umepitiliza, na keki itakuwa kavu. Mashine inarahisisha, lakini nimeshapiga kwa mchapo wa mkono siku umeme umekatika. Mkono uliuma mpaka kesho yake ila keki ilipanda.

Chukua theluthi ya ute changanya na uji wa viini kuulainisha, kisha theluthi ya pili, kisha ya mwisho, kwa kufunika kutoka chini kuja juu. Usikoroge kama uji wa mtoto, utavunja hewa yote uliyoipigania.

Chombo: cha bati au alumini, chenye bomba katikati, na usikipake mafuta. Nimerudia hili kwa watu wengi na bado wanapaka. Keki hii inapanda kwa kushikilia kuta, ukipaka mafuta inateleza. Dukani sikukipata, fundi bati alinitengenezea kwa 8,000.

Oveni ikiwepo, nyuzi 160 hadi 165, dakika 45 mpaka 50. Mimi bado naokea mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, funika ipate moto kwanza, mkaa mchache chini na mwingi kidogo juu ya mfuniko. Kupima joto, tandaza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati uweke ndani dakika 5. Ukitoka na rangi ya dhahabu hafifu, weka keki. Ukitoka kahawia, punguza mkaa kwanza. Dakika 30 za mwanzo usifunue, hata kama harufu inakuita.

Ikitoka, igeuze kichwa chini hapo hapo, bomba ulivishe kwenye shingo ya chupa ya soda, iache ining'inie mpaka ipoe kabisa, si chini ya saa moja na nusu. Hili ndilo lililoniua Jumamosi ile. Ikishapoa pitisha kisu chembamba pembeni. Korosho za kukaanga zilizovunjwa tupia juu na sukari ya unga kidogo. Ndani usiweke, ni nzito.

Sasa hela, maana ndipo wengi tunapojidanganya. Kwa bei nilizonunulia mimi: mayai sita 2,400, unga 250, sukari 400, mafuta 350, nazi 1,000, kiazi nusu kilo 2,000, beking pauda na chumvi na ndimu 400, mkaa 1,500. Hiyo ni 8,300. Ongeza boksi 2,000 na bando 500, imefika 10,800. Mwanzoni nilikuwa naishia hapo, nauza 15,000 na kujisifia faida ya 4,200. Kumbe saa tatu zangu sijazilipa. Sasa najilipa 2,000 kwa saa, 6,000, tuko 16,800. Halafu kuna zinazoharibika. Nikihesabu daftari langu, kati ya tano moja inanishinda. Ile moja ina 8,300 ndani yake na lazima zile nne zinazouzwa ziibebe, kama 2,100 kila moja. Gharama halisi ni 18,900. Naiuza 25,000, usafiri juu ya mteja. Kuna waliosema ni ghali na wakaenda. Sawa tu, kwa 15,000 nisingefikia hata gharama yangu halisi.

Kitu kilichoniokoa zaidi ni viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa. Rangi yake haijali ndimu wala magadi, haibadiliki. Vipimo ni vile vile, badilisha kiazi tu, na vinapatikana kwa wingi kuliko hiki cha zambarau. Kwa hiyo ya chungwa ndiyo keki yangu ya kila siku, 22,000, na ya zambarau naifungulia oda nikiwa na kiazi mkononi, kimekatwa na nimekiona.

Kianzio bado nachukua nusu, lakini baada ya kumtumia mteja picha ya keki niliyoioka mimi, imepigwa mchana karibu na dirisha, bila kuongeza rangi kwenye simu. Kabla ya kutangaza tena nilioka tatu za kujifunza. Mbili tulikula nyumbani, ya tatu nilikata vipande nikawagawia majirani wauza duka ili wanipe maneno ya kweli. Mmoja akasema sukari ndogo, mwingine akasema imezidi, nikaacha kama ilivyo.

Na maneno ninayoandika chini ya picha sasa ni haya, ukipenda yachukue: "Keki ya kiazi kikuu, nimeioka mwenyewe jana. Rangi ni ya kiazi, sijaongeza nyingine, kwa hiyo ni zambarau hafifu kama unavyoiona hapa. Viazi nilivyonavyo vinatosha keki 4 tu wiki hii. 25,000. Agiza siku mbili kabla."