Habari za Mji wa Lindsborg katika Kansas

Tukisikia habari za Marekani, mara twawaza miji mikubwa kama New York na Chicago. Lakini nchi ile ina miji midogo mingi sana, nayo ina mafundisho yake. Leo tujifunze habari za Lindsborg. Twauchagua mji huu kwa kuwa Walutheri wa Kiswidi ndio walioujenga, na sinodi yao, iitwayo Augustana, ilituma wamisionari Tanganyika, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Tanzania. Tena, wakati wa kusoma tushike swali hili moyoni: Watu wachache, wasio na mali, wakaao mbali na miji mikubwa, waweza kufanya nini?

1. Mahali pake

Lindsborg uko katikati ya jimbo la Kansas, na Kansas yenyewe iko karibu na katikati ya Marekani. Bahari iko mbali pande zote. Nchi ni tambarare kubwa ya majani, yenye miti michache, isipokuwa kandokando ya mito. Karibu na mji wapita mto Smoky Hill, utokao upande wa magharibi, katika Colorado. Hapo wageuka kuelekea kaskazini, hata mji wa Salina, mwendo wa maili 20 hivi. Kaskazini magharibi ya mji kuna kilima kiitwacho Coronado Heights, na mtu akisimama juu yake huona mashamba ya ngano mpaka mbali sana. Wakati wa baridi theluji huanguka, na wakati wa joto jua huwa kali, tena mvua haina hakika.

2. Wenyeji wa kwanza

Kilima kile kilipewa jina la Coronado, jemadari wa Kispania aliyefika pande hizo mwaka 1541 akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuiona. Aliona vijiji vya watu waliolima mahindi na kuwinda nyati wa tambarare; hao walikuwa mababu wa kabila la Wichita. Baadaye watu wa kabila la Kansa, waitwao pia Kaw, waliwinda katika nchi ile, na jimbo lote limeitwa kwa jina lao. Lakini serikali iliwapunguzia nchi mara kwa mara, hata mwaka 1873 ikawahamisha kwenda kusini, mahali ambapo sasa ni Oklahoma. Jambo hili tusilifiche. Nchi waliyoipata wageni kwa bei ndogo ilikuwa na wenyewe kwanza, na furaha ya hawa ilikuja pamoja na machozi ya wale.

3. Waswidi walivyofika

Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilitoa sheria kwamba mtu akikaa juu ya kiwanja cha eka 160 miaka mitano na kukilima, atakipata kuwa chake. Mwaka 1867 reli ilifika Salina. Miaka ile ile njaa kubwa iliingia Sweden, kwa kuwa mavuno yaliharibika. Basi watu wengi wakafunga safari.

Mwaka 1868 Waswidi kadha wa kadha waliokuwa Chicago walifanya shirika, wakanunua kwa kampuni ya reli zaidi ya eka 13,000. Nia yao ilikuwa kwamba nchi ile ikaliwe na watu wa imani moja. Mwaka 1869 mchungaji Olof Olsson alitoka jimbo la Värmland katika Sweden, akiongoza watu wengi, akaja kukaa nao. Usharika wa Bethany ulianzishwa mwaka uo huo. Yasemwa kuwa mji uliitwa Lindsborg kwa sababu majina ya baadhi ya wakuu wa shirika yalianza kwa neno Lind.

4. Miaka ya shida

Mbao zilikuwa haba, kwa hiyo wengi walichimba mashimo katika kingo za ardhi wakakaa humo, au walijenga kwa madongo ya udongo wenye majani. Mwaka 1874 nzige walishuka juu ya Kansas wakala mashamba, hata majani ya miti hayakubaki.

Lakini shida nyingine haikutoka mbinguni wala porini. Watu waliosafiri pamoja ili wawe wa imani moja walianza kubishana juu ya mafundisho ya upatanisho, nao wengine wakajitenga wakaanzisha usharika wao. Kumbe hata mtu akivuka bahari na kuchagua jirani zake mwenyewe, hawezi kuyaacha nyuma magomvi ya moyo. Olsson aliondoka mwaka 1876 kwenda kufundisha katika seminari ya sinodi.

5. Shule na uimbaji

Aliyemfuata ni mchungaji kijana, Carl Swensson. Mwaka 1881 alianza shule katika chumba cha kanisa, wanafunzi wakiwa kumi tu. Shule hiyo ndiyo Chuo cha Bethany, nacho chafundisha hata leo.

Olsson alikuwa amesikia huko London uimbaji wa Messiah, kazi kubwa ya Handel, akatamani watu wa tambarare nao wauimbe. Basi Alma Swensson, mke wa mchungaji, akaanza kuwafundisha wakulima na wake zao. Wengi wao hawakujua kusoma noti, nao walikuja jioni kwa magari ya farasi baada ya kazi ya shamba. Mwaka 1882 waliuimba mara ya kwanza. Tangu hapo karibu kila mwaka umeimbwa Lindsborg katika majira ya Pasaka, na watu wametoka mbali kuusikiliza. Mwaka 1894 akaja pia mchoraji Birger Sandzén, akafundisha katika chuo miaka 52.

6. Watu wake

Katika hesabu ya mwaka 2020 watu wa Lindsborg walikuwa 3,776. Miji mingi midogo ya Kansas imepungukiwa na watu, kwa sababu mashine zimechukua kazi za mashambani na vijana wamekwenda mijini. Lindsborg haukupungua, maana mwaka 2010 walihesabiwa 3,458. Lugha ya Kiswidi imekoma nyumbani na kanisani, na Kiingereza kimeshika mahali pake. Lakini nyimbo, sikukuu na chuo vimebaki.

7. Mji huu na Afrika ya Mashariki

Baada ya vita vya 1914 hata 1918 wamisionari wa Leipzig waliondolewa Tanganyika. Hapo sinodi ya Augustana ilituma watu kuwasaidia Wakristo wa Kilimanjaro, na baadaye kufanya kazi Iramba na Singida. Wengi wa waliotoa sadaka kwa kazi ile walikuwa wakulima wa sharika ndogo kama zile za Kansas, ambao wazee wao walikuwa wamekimbia njaa.

Basi, swali letu la kwanza limepata jibu. Lindsborg haukupata dhahabu, wala bandari, wala wafalme. Ulipata wanafunzi kumi katika chumba kimoja, na mwanamke mmoja aliyekuwa tayari kufundisha sauti nne kwa watu waliochoka. Mwalimu mwenye darasa dogo asilidharau.

Maswali ya kujipima

1. Mto upitao karibu na Lindsborg waitwaje, nao watoka wapi?
2. Ni watu gani waliokaa nchi ile kabla ya Waswidi, nao walipatwa na nini mwaka 1873?
3. Kwa nini Waswidi walihama kwao?
4. Ni shida ipi iliyokuwa kubwa zaidi, ya nzige au ya mabishano? Toa sababu zako.
5. Katika usharika wako kuna kazi gani iwezayo kuanzishwa na watu kumi?