Nitajuaje kama ni Mungu anayeniita?

*Padre, nina miaka 23, ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi Light Industries. Tangu Pasaka nahisi Mungu ananiita niwe padre. Mama ananitegemea, na wenzangu wanasema nakimbia jua kali. Nitajuaje? — Fundi, Kariobangi*

Fundi, unaogopa mambo mawili: kujidanganya, na kumwacha mama. Hofu hiyo si dhambi. Katika Biblia, kijana Samweli alimkimbilia kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye aliyemwita, na ni mzee huyo aliyemfumbua macho. Mwito haupimwi na mtu mmoja.

Mvuto huo waweza kutoka kwenye sala. Waweza pia kutoka kwenye deni, uchovu au hamu ya kuheshimiwa kwa sababu ya kanzu. Basi uangalie wiki ile kazi imeingia na umelipwa vizuri. Mvuto bado upo? Na kwenye jumuiya ndogo ndogo, unapanga viti na kuosha vikombe hata pasipo mtu wa kukutaja? Mimi huamini vikombe kuliko ndoto.

Usiache kazi. Sheria ya Kanisa hudai angalau miaka 6 ya falsafa na teolojia, kwa hiyo hakuna haraka. Mweleze mama mapema, na ndugu zako pia, mjue nani atamtunza.

Anayekudai pesa ili "akufungulie" mwito, mkimbie. Ukisikia sauti zinazokunyima usingizi au kukuamuru ujidhuru, nenda hospitali kwanza.

Jumapili hii, baada ya misa pale parokia ya Utatu Mtakatifu, Kariobangi, ambako wamisionari Wakomboni wamehudumu miaka mingi, msubiri paroko, umwombe akukutanishe na mkurugenzi wa miito.