Hati ya mwenye boti: kazi ya msimamizi wa ruzuku Uvira

Tuseme shirika la Uvira limepata ruzuku ya kujengea chemchemi za maji upande wa Baraka. Barabara imekatika, kwa hiyo saruji inapakiwa Kalundu kwenye boti ya mbao. Mwenye boti anataka dola 150 mkononi. Hana kitabu cha risiti, hana muhuri, na bandarini wote wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anang'oa nanga alfajiri. Utamlipaje ili mkaguzi atakayefika miaka miwili baadaye, ambaye hajawahi kuiona Kalundu, ayakubali malipo hayo?

Msimamizi wa ruzuku huajiriwa kujibu swali la namna hiyo. Wengi wanaoomba nafasi hudhani ni uhasibu kwa jina jingine. Mhasibu huandika kilichotumika. Msimamizi wa ruzuku husema, kabla pesa haijatoka, kama mkataba unaruhusu itoke. Akianza kazi baada ya matumizi, atashinda akitafuta karatasi ambazo hazikuwahi kuwepo, na kughushi huanzia hapo.

Mwenye boti, basi, huandaliwa hati yake mapema: jina kamili, namba ya kadi ya mpiga kura, simu, mzigo, safari, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi au dole gumba, na shahidi asiyekula mshahara wa shirika. Ambatanisha bei za maboti mengine mawili ulizouliza wiki hiyohiyo, hata kama umeziandika kwa kalamu tu. Ukiweza, lipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa sababu ujumbe wa simu unabeba tarehe, saa na jina. Motari, yaani dereva wa pikipiki, anayempeleka mhamasishaji wa mradi Kiliba hushughulikiwa vivyo hivyo. Ila hati ya namna hii lazima iwe imekubaliwa katika mwongozo wa fedha wa shirika tangu mwanzo. Ikizaliwa wiki ya ukaguzi, itanuka.

Jambo la pili ni kujua pesa ni ya nani, maana kila serikali ina masharti yake. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175, inazipa mikoa 40% ya mapato ya taifa, na kifungu cha 181 kinatenga 10% kwa mfuko wa kusawazisha maendeleo ya mikoa. Fedha hiyo hufika pungufu na kwa kuchelewa, kwa hiyo anayeitegemea asiahidi tarehe. Kuna pia Mfuko wa Kijamii wa Jamhuri, FSRDC, uliosimamia mradi wa STEP wa mashariki kwa fedha za Benki ya Dunia. Na kuna serikali za nje: upanuzi wa mtandao wa shirika la maji, REGIDESO, hapa Uvira, mji ambao kipindupindu hakiuhami, ulilipiwa kwa sehemu kubwa na shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, na Umoja wa Ulaya.

Tofauti za masharti si ndogo. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hulipia gharama za uendeshaji, yaani pango, umeme na mlinzi, hadi 7% ya gharama za moja kwa moja. Marekani ilipandisha kiwango chake kwa mashirika yasiyo na makubaliano maalumu kutoka 10% hadi 15% kuanzia 1 Oktoba 2024. Asiyejua hili huandika bajeti inayomla mwenyewe.

Tangu 1 Januari 2024 mashirika yasiyo ya faida katika nchi za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara barani Afrika, Kongo ikiwemo, yana mfumo wao wa hesabu, SYCEBNL. Ukiujua, umewatangulia wengi katika foleni ya kazi.

Kuhusu kutunza karatasi, Uvira ina somo lake. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba kwa maelfu, na miaka iliyofuata ziwa Tanganyika lenyewe likapanda hadi kuingia mitaani. Fedha za Marekani zinadai hati zitunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho. Za Ulaya mara nyingi ni 5. Kabati la chini la ofisi iliyo karibu na ufuko halitafika huko. Piga picha kila hati siku inaposainiwa, na nakala moja ikae nje ya mji.

Kisha kuna barua ya mfadhili ya kusimamisha kazi za mradi. Januari 2025 Washington iliamuru misaada ya nje isimame, na USAID, shirika lake la misaada, ikaacha rasmi kutekeleza misaada hiyo 1 Julai mwaka huo. Siku barua kama hiyo inapofika, kazi ya kwanza ni kuorodhesha ahadi zote zilizowekwa kabla ya tarehe yake: ankara zisizolipwa, mishahara ya mwezi, bidhaa zilizo njiani. Hizo zinaweza kudaiwa. Unachonunua kesho yake ni chako.

Anayetaka kuingia katika kazi hii ajue Kifaransa cha kuandika ripoti, Excel bila kubahatisha, na aanzie hata kwenye kuhifadhi nyaraka au ugavi. Kwenye usaili hupenda kuja swali moja: mradi unaisha tarehe 31, leo ni tarehe 5, na kwenye bajeti kumebaki dola 3,000 za pikipiki. Unanunua? Wengi hujibu ndiyo, pesa isirudi kwa mfadhili. Lakini pikipiki hiyo ingeutumikia mradi siku 26 tu, na mkaguzi ataikataa. Anayepewa kazi ni yule anayeuliza kwanza kwa nini haikununuliwa mwezi wa pili wa mradi.